Kutoka Wazimu hadi Afya ya Akili: Maneno na Matibabu, kwa Kuitazama Nchi ya Karatu

Nia ya insha hii ni kueleza kwa ufupi historia ya utunzaji wa wagonjwa wa akili, na wa watu walionaswa na pombe na dawa za kulevya, kwa kuyafuata maneno yaliyotumika kuwataja. Nimependa kuitazama historia hiyo kutoka pembeni, yaani kutoka kata ya Daa na sehemu nyingine za Karatu na Ngorongoro, mahali ambapo lugha za asili mbalimbali zimekaa bega kwa bega, na ambapo hospitali kuu ya magonjwa haya iko mbali.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa lugha ana kazi gani katika jambo la waganga na matabibu? Jibu ni hili. Mfupa uliovunjika huonekana katika picha, na vijidudu vya malaria huonekana katika tone la damu. Walakini maradhi ya akili hujulikana zaidi kwa maneno: mgonjwa asema, jamaa zake waeleza, na tabibu asikiliza. Neno likikosewa, ugonjwa nao wakosewa. Kwa hiyo historia ya tiba hii ni historia ya lugha vilevile.

I

Tuanze na maneno ya zamani. Kiswahili kina msamiati mwingi wa jambo hili, nao wagawanyika katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la maneno yanayouonyesha ugonjwa kuwa kitu kilichomjia mtu kutoka nje. Wazimu ni neno lenye shina moja na mzimu, na mwendawazimu ni mtu aendaye na hao wazimu. Kupagawa latokana na kupagaa, shina lile lile lililotupa mpagazi. Aliyepagawa amefanywa mzigo wa mwingine. Kitu kilichomjia mtu chaweza kumwondoka, na ndiyo maana pwani palikuwa na kazi ya kupunga pepo, yenye ngoma, chakula, na jamaa waliokusanyika. Mgonjwa hakuachwa peke yake.

Fungu la pili ni la maneno yanayomtaja mtu mwenyewe kuwa amepungua. Punguani latokana na kupungua. Kichaa lina ajabu yake ya sarufi: twasema “ana kichaa”, na papo hapo twasema “yeye ni kichaa”. Jina la ugonjwa limekuwa jina la mgonjwa. Hakuna asemaye kwamba mtu “ni malaria”. Tofauti hii yaonekana kuwa ndogo, lakini ndiyo iliyofungua njia ya kusema “nyumba ya vichaa”, na neno kama hilo laamua mambo mengi kabla tabibu hajafika.

II

Nyumba ya kwanza ya namna hiyo katika nchi yetu ilikuwa Lutindi, katika milima ya Usambara. Wamisioni wa Kijerumani waliijenga mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliookolewa katika utumwa, na mapema katika karne ya 20 ikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Wagonjwa walifanya kazi za shamba na za mikono, na hospitali hiyo ingali ipo.

Baada ya Waingereza kushika serikali ya Tanganyika, hospitali ya serikali ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927, nayo ndiyo Mirembe. Pembeni yake ikawako Isanga, kwa wagonjwa waliofikishwa mahakamani. Fikra iliyotawala zamani hizo ilikuwa ya ulinzi kuliko ya tiba. Mgonjwa aliondolewa katika mji kwa amri, akapelekwa mbali kwa gari la moshi au kwa lori, na mara nyingi jamaa zake hawakumwona tena kwa miaka. Kwa mtu wa nyanda za juu za Mbulu na Karatu, Dodoma ilikuwa nchi nyingine: chakula kingine, joto jingine, na lugha nyingine. Aliyekuwa akisema Kiiraqw peke yake alikuwa bubu mara mbili, mara moja kwa ugonjwa na mara ya pili kwa safari.

Jina la Mirembe nalo lina historia yake mdomoni mwa watu. Katika Kiganda neno hilo hilo maana yake ni amani. Lakini katika Kiswahili cha mitaani cha Tanzania likageuka kuwa tusi: mtu akitenda jambo la ajabu husemwa kwamba “katoka Mirembe”, au kwamba “apelekwe Mirembe”. Serikali leo yaiita Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, lakini tusi halijafutika. Amri ya serikali haimbadilishi msemaji mara moja.

III

Baada ya Uhuru fikra ilianza kugeuka. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 vilianzishwa vijiji vya kilimo ambapo mgonjwa aliyepata nafuu aliishi, akalima, na mara nyingine akakaa pamoja na jamaa yake. Vikuruti, karibu na Dar es Salaam, ni mmoja wa mifano yake. Hapana shaka siasa ya vijiji vya Ujamaa iliupa mpango huo nguvu. Kisha, baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 kutangaza kwamba afya ya msingi iwafikie watu wote mahali wanapokaa, Tanzania ilianza katika miaka ya 1980 mpango wa taifa wa afya ya akili, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na wa serikali ya Denmark. Mikoa miwili ya majaribio ilikuwa Morogoro na Kilimanjaro. Shabaha yake ilikuwa rahisi kutaja na ngumu kutenda: mganga msaidizi na muuguzi wa zahanati wafundishwe kuutambua ugonjwa na kutoa dawa, ili mgonjwa asilazimike kwenda Dodoma.

Katika mwaka 1998 Gad Kilonzo na Nora Simmons waliitazama tena safari hiyo yote, wakapima yaliyofaa na yaliyokwama. Msaada wa nje ukipungua, mafunzo hupungua, na dawa hukosekana kwanza mahali palipo mbali na mji. Mwaka 2008 Bunge likapitisha Sheria ya Afya ya Akili, badala ya sheria iliyorithiwa kutoka zamani za ukoloni.

Hapo twaona jina jipya likishika mahali pa lile la kale. Afya ya akili ni maneno mema, kwa kuwa akili inayo afya kama mwili ulivyo na afya, na kila mtu anayo, si mgonjwa peke yake. Lakini yafaa tukiri kwamba jina limesafiri upesi kuliko huduma yenyewe. Limefika katika mabango ya zahanati kabla ya kufika muuguzi aliyefundishwa.

IV

Mambo ya ulevi yana historia ya pembeni inayofanana na hiyo. Kwa Wairaqw, pombe ya mtama, iitwayo buura, ilikuwa kitu cha heshima: hutolewa kwa wazee, kwa wageni, na katika maombi. Ole Bjørn Rekdal, katika makala yake ya mwaka 1996, alieleza jinsi maziwa na pombe hiyo, vitu ambavyo watu wa kale hawakuona vyema kuviuza, vilivyoingia katika biashara. Kinywaji kilichokuwa na saa yake, watu wake, na mahali pake, kikawa na bei tu. Kitu chenye bei hakimuulizi mnunuzi umri wala sababu.

Sheria nayo ilikuwa na mkono wake. Serikali ya kikoloni iliwakataza Waafrika kugema pombe kali, na pombe hiyo ikaenda kujificha kwa jina la gongo au moshi. Mwaka 1966 serikali ya Tanzania ilitunga sheria ya utengenezaji wa moshi, na neno la kificho likaingia katika kitabu cha sheria. Lakini gongo isiyo na leseni iliendelea kuwa haramu. Miaka mingi baadaye pombe kali ilianza kuuzwa katika vifuko vidogo vya plastiki, na watu wakaviita viroba. Kiroba zamani kilikuwa mfuko mdogo wa nafaka. Sasa kikawa pombe ambayo hata mtoto wa shule aliweza kuificha mfukoni. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017.

Kuhusu heroini, mabadiliko makubwa yalianza mwaka 2011, hospitali ya Muhimbili ilipofungua tiba ya methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya muuguzi, ambayo humwondolea mgonjwa arosto, yaani maumivu ya kuikosa heroini. Zanzibar ilifuata, na baadaye huduma ikafika mikoa mingine ya Bara, Dodoma ikiwa mmojawapo. Hapa tena maneno yasema mengi. Mtumiaji wa unga aliitwa teja, nalo ni mteja lililokatwa kichwa: mnunuzi aliyekwisha kuwa mali ya muuzaji. Wataalamu wamechagua uraibu na mraibu. Uraibu hapo kale ulikuwa tambuu, tumbaku, na viburudisho vya namna hiyo, vitu vya kukaribishia mgeni. Sasa umekuwa jina la ugonjwa, na kwa maoni yangu uchaguzi huo ulikuwa mwema, kwa sababu neno halikuzaliwa na dharau. Lakini neno dawa katika “dawa za kulevya” lingali likitupa taabu, maana ndilo neno lile lile tunalomwambia mraibu kwamba litamponya.

V

Sasa na turudi Karatu, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Wairaqw husema lugha ya Kikushi, Wadatoga na Wamasai lugha za Kiniloti, Wahadzabe wa bonde la Eyasi lugha isiyo na ndugu ajulikanaye, na pande za Mang'ola wako wasemaji wa lugha za Kibantu. Kiswahili kilikuja kuwa lugha ya mashamba ya kahawa ya Oldeani, ya shule, ya baraza, na ya zahanati. Marehemu W. H. Whiteley alichapisha maelezo mafupi ya Kiiraqw mwaka 1958, na Maarten Mous akatoa sarufi kamili mwaka 1993. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba lugha hiyo haijachunguzwa. Kilichobaki ni kuuleta uchunguzi huo mlangoni mwa zahanati.

Kazi hiyo ina uzito kwa sababu ya desturi za mahali. Wachunguzi wa Wairaqw wameandika juu ya metimani, hali ya kutengwa kwa muda baada ya kifo au msiba uliohesabiwa kuwa wa hatari kwa majirani. Mzigo wake ulikuwa mzito, hasa kwa wanawake waliopoteza mimba au watoto. Si desturi ya wazimu, lakini yatufundisha kwamba mtu wa nchi hii anaweza kuwa na huzuni kubwa ambayo haki ya kuisema hana. Lars Hagborg, aliyeandika mwaka 2001 juu ya ugomvi wa majirani wa Karatu, aliupa utafiti wake jina la kimya. Tabibu anayeuliza kwa Kiswahili, “Je, una matatizo ya akili?”, atajibiwa hapana, na atakayejibu hatakuwa amesema uwongo, swali halikugusa kitu anachokijua.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 katika nchi ya Mbulu, imeonyesha faida ya kusikiliza. Huko wagonjwa wa kifafa walitibiwa, na Andrea Winkler na wenzake wakachunguza pia imani za watu juu ya ugonjwa huo, wakayachapisha mwaka 2010. Dar es Salaam nako, Mary Ngoma na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba, miongoni mwa watu waliokwenda kwa waganga wa jadi, asilimia 48 walikuwa na maradhi ya kawaida ya akili, na katika zahanati asilimia 24. Maana yake ni kwamba wagonjwa wamekwisha kuchagua mahali ambapo maneno yao yanafahamika. Mwaka 2008 Sylvia Kaaya na wenzake walieleza orodha ya maswali 19 ya kutambua sonona, iliyotungwa hapa hapa nchini badala ya kutafsiriwa tu kutoka ng'ambo. Hiyo ndiyo njia.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, yakusanywe maneno ya huzuni, hofu, ulevi, na kuchanganyikiwa katika Kiiraqw, Kidatoga, Kimasai na Kihadza, kutoka vinywani mwa wazee na wa wagonjwa wenyewe, nayo yapewe wauguzi. Pili, mkalimani wa zahanati asiwe mtoto wa mgonjwa wala jirani aliyepita njiani, bali mtu aliyefundishwa kutunza siri. Tatu, watunga kamusi wetu waandike pembeni ya kichaa, punguani na teja kwamba ni maneno ya kudharau, kama wafanyavyo kwa matusi mengine.

Jengo la hospitali hujengwa kwa fedha, na fedha si kazi yetu. Lakini maneno ni kazi yetu. Mgonjwa wa Daa aliyepelekwa Dodoma zamani hakuwa na mtu wa kumfahamu. Wa leo akifika zahanati ya karibu, akakuta bango jipya na masikio yasiyomfahamu, atakuwa amepunguziwa safari tu.