Difu ya Nyuma na Kivumishi "Kubwa"

Barua nyingi zinazoletwa kwetu huuliza istilahi za sheria, uchumi na utawala. Zinazohusu ufundi wa magari ni chache mno, ingawa hakuna ofisi ya wilaya iwezayo kufanya kazi juma zima bila gari. Makala haya yanahusu jambo dogo katika ufundi huo: jinsi tunavyotaja ukubwa au udogo wa gia zilizomo katika ekseli ya nyuma ya Land Rover za zamani. Tumelichagua kwa sababu tulilikosea sisi wenyewe, na gharama ya kosa ikalipwa na watu wengine.

Ofisi moja ya umma katika mwambao wa Ziwa Victoria ilituomba tufasiri maelezo ya kubadilisha difu za gari lake. Maelezo hayo, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, yaliagiza zitumike difu za uwiano "wa juu", mbele na nyuma. Tukaandika "uwiano mkubwa", tukapiga muhuri, tukairudisha kazi. Fundi aliyeshughulikia nyuma alikuwa na mazoea ya Kiingereza cha gereji, akaelewa kilichokusudiwa, akafunga difu ya 3.54. Mtunza ghala aliyetoa difu ya mbele alikuwa na mbili rafuni, moja ya 3.54 na nyingine ya 4.7. Akasoma maneno yetu kama msomaji yeyote wa Kiswahili angeyasoma, akaona kwamba 4.7 ndiyo kubwa, akaitoa hiyo.

Katika barabara ya lami gari lilikwenda vizuri kabisa, kwa kuwa Land Rover za aina hiyo husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake mpaka dereva aamue kuunganisha ya mbele. Masika yalipoingia, dereva aliunganisha yote manne ili avuke tope. Magurudumu ya nyuma yakataka kuzunguka kwa thuluthi moja zaidi ya yale ya mbele. Matopeni magurudumu huteleza, na tofauti hiyo haionekani. Lilipopanda kwenye ardhi ngumu hayakuwa na pa kutelezea, na shafti moja ya nyuma ikakatika. Ndani yalikuwamo masanduku ya chanjo, na barafu iliyeyuka kabla gari jingine halijafika.

Ili kuelewa jinsi kivumishi kimoja kilivyoweza kuleta hasara hiyo, hapana budi kurudi nyuma kidogo.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Toleo la pili lilikuja mwaka 1958, na la tatu likaundwa tangu 1971 hadi 1985. Katika muda wote huo, ukiacha magari ya mwanzo kabisa, uwiano wa kawaida katika ekseli ulikuwa 4.7 kwa 1: gurudumu kubwa la meno 47 likizungushwa na gia ndogo ya meno 10. Maana yake ni kwamba shafti ndefu itokayo kwenye giaboksi huzunguka karibu mara tano ili magurudumu yazunguke mara moja. Mwendo hupungua, nguvu ya kuvuta huongezeka. Kwa ardhi ya Usukuma hilo lilikuwa jambo jema. Mwenyeji wa huko hutofautisha luseni, yaani ardhi ya kichanga, na mbuga, yaani udongo mweusi wa bondeni unaonata mvua inyeshapo. (Mtafsiri atokaye pwani, akisikia mbuga, huwaza wanyama na watalii.) Reli ilikuwa imekwisha kufika Mwanza mwaka 1928, lakini kutoka stesheni hadi vijijini kulihitajika gari la kuvuta, wala si la kukimbia.

Mwaka 1970 ilitokea Range Rover, gari la mwendo zaidi, nayo difu zake zilikuwa za 3.54, yaani meno 46 kwa 13. Mafundi wakagundua mapema kwamba difu hiyo huingia katika ekseli ya kale ya Land Rover bila kukata wala kuchomelea kitu. Injini hupumzika, kwani kwa mwendo ule ule mizunguko yake hupungua kwa robo. Kadiri lami ilivyoenea kandokando ya ziwa ndivyo haja hiyo ilivyozidi. Siku hizi mwenye gari atokaye Mwanza kwenda Sengerema au Geita hangoji tena kivuko: daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu hivi, lilifunguliwa Juni 2025.

Lakini si kila ekseli ya nyuma hukubali badiliko hilo, na hapa ndipo utambuzi unapotangulia ufundi. Ekseli ya Rover ni laini upande wa nyuma, na difu yake huchomolewa nzima kwa mbele baada ya kufungua nati. Land Rover ndefu za toleo la tatu zilipewa ekseli nyingine iitwayo Salisbury, nene zaidi, yenye kifuniko kilichofungwa kwa bolti upande wa nyuma. Difu yake haitoki kama kipande kimoja, na ile ya Range Rover haiwezi kuingia humo. Mtu akichungulia chini ya gari kwa nyuma atatambua mara moja ni ipi.

Uwiano wenyewe hauonekani kwa macho, ila huhesabika. Gari huwekewa kabari, gia huachwa huru, gurudumu moja la nyuma huinuliwa. Breki ya mkono nayo yapasa ifunguliwe, maana katika magari haya hushika shafti na si magurudumu. Kisha gurudumu lililoinuliwa huzungushwa mara mbili kamili, huku mwingine akihesabu mizunguko ya shafti. Ikikaribia mitano, hiyo ni 4.7, ikiwa mitatu na nusu, ni 3.54. Ni mara mbili na si moja kwa sababu gurudumu la pili limesimama, na difu hugawa mwendo kati ya magurudumu mawili.

Sasa turudi kwenye lugha. Kiswahili kilipopokea gari hakikukosa maneno. Jina lenyewe, gari, lilitoka Kihindi. Usukani ulipandishwa nchi kavu kutoka chomboni. Lakini sehemu zilizofichika chini ya gari zilipewa majina na wale waliozifungua, nao walifanya kazi chini ya mabwana waliozungumza Kiingereza: gia, shafti, ekseli, beringi, difu. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilijishughulisha hasa na tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanzishwa kwa sheria mwaka 1967, gereji zilikuwa zimekwisha kuamua. Hatuoni sababu ya kuzisuta. Difu ni neno fupi, linaongezeka viambishi bila shida, na kila dereva analijua.

Tatizo letu halikuwa katika nomino. Waingereza huita gia ya mwendo kasi "ya juu", na uwiano wake huuita vivyo hivyo, ingawa tarakimu yake ni ndogo. Mazoea hayo ni yao. Kiswahili hakiyajui, na neno "mkubwa" kwetu hufuata tarakimu. Tulifasiri kivumishi tukaacha desturi iliyokibeba.

Baada ya tukio tulikwenda gereji moja mjini Mwanza kumuuliza fundi mwenye umri mkubwa yeye huzitajaje. Tulimwamkia, akatukaribisha kwenye benchi, akasikiliza maelezo yetu marefu kuhusu uwiano.

"Wanangu," akasema, "ile ni difu ya kuvuta, na hii ni difu ya kukimbia. Kubwa na ndogo mmezitoa wapi?"

Tulipendekeza kwake "difu ya mvuto" na "difu ya kasi", kwa kuwa tumezoea nomino. Alicheka kwa adabu. Tumeona tuache maneno yake kama yalivyo.

Kwa hiyo tunawaomba wafasiri na maofisa ugavi wasiandike "uwiano mkubwa" wala "uwiano wa juu" katika hati yoyote ya magari. Waandike difu ya kuvuta au ya kukimbia, kisha tarakimu, kisha aina ya ekseli, na wataje mbele na nyuma katika sentensi moja. Waongeze pia onyo juu ya spidomita, ambayo katika Land Rover hizi huendeshwa kutoka kwenye giaboksi: akiisha kufungiwa difu za 3.54, dereva anayesoma kilometa 60 kwa saa huwa anakwenda 80.

Ofisi ile tumeipelekea tafsiri mpya pamoja na barua ya kuomba radhi. Difu ya mbele imekwisha kubadilishwa.