Kozi na Ukungu wa Mizabibu

Mwewe akishuka kijijini kunyakua kifaranga, mama mmoja hupiga kelele na wote hutoka mbio na mawe. Lakini jani la mboga likipata doa, nani hupiga kelele? Ndugu wasomaji, tutazame habari mbili za Ulaya.

Ya kwanza ni ya ukungu wa mizabibu. Ulionekana Ufaransa mwaka 1878, nao asili yake ni Marekani. Yaelekea ulifika pamoja na miche ya mizabibu iliyoletwa kutoka huko. Ukungu huu hauna makucha. Mbegu zake ni kama vumbi. Upepo huzichukua, na zikipata tone la maji juu ya jani hutoa vijidudu vinavyoogelea mpaka kwenye vitundu vya jani, vikaingia. Baada ya siku chache jani lina madoa ya manjano juu na unga mweupe chini, kisha hukauka na kuanguka, na zabibu haziivi vizuri. Wakulima waliona mashamba yakiharibika, wala hawakuwa na wa kumpiga jiwe.

Dawa ilipatikana karibu kwa bahati. Mwaka 1882 Bwana Millardet, mwalimu wa elimu ya mimea huko Bordeaux, alipita Saint-Julien akaona mizabibu ya kando ya njia ingali na majani, na ile ya ndani imepukutika. Wenyewe walikuwa wameinyunyizia mrututu na chokaa ili wapita njia waogope kuiba zabibu. (Basi wezi nao walisaidia!) Akafanya majaribio, akatangaza dawa hiyo mwaka 1885.

Ya pili ni ya kozi. Yeye huua ndege mmoja mmoja, na jike hutaga mayai matatu au manne tu kwa mwaka. Tena huonekana. Kwa hiyo mwaka 1940, wakati wa vita, serikali ya Uingereza iliruhusu auawe, asije akala njiwa wanaobeba barua za jeshi. Mamia waliuawa, vita vilipokwisha wakaanza kuongezeka tena. Risasi haikuwamaliza. Kilichowashinda ni kitu kisichoonekana: DDT na sumu nyingine za mashambani, zilizokuwa ndani ya ndege waliowala. Maganda ya mayai yakawa membamba, yakavunjika chini ya jike anayeatamia. Kufika mwaka 1963, kozi wa Uingereza walikuwa chini ya nusu ya wale wa kabla ya vita.

Kumbe kozi naye alikuwa upande wa mzabibu! Sumu hizo zilipokatazwa alirudi, na leo hutaga hata katika minara ya makanisa. Ukungu haukuondoka. Mvua za masika zikinyesha Bordeaux, wakulima hunyunyiza dawa ya shaba tena.