Gesi ya Rubona na Mkwamo wa Ziwa

Gesi ya Ziwa Kivu ikishaanza kupanda, haihitaji kusukumwa. Bomba hushushwa zaidi ya mita 300, pampu ikaanzisha mwendo, basi. Maji ya kilindini yakikaribia juu, mgandamizo hupungua na gesi hufoka kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu hayo ndiyo yanayovuta maji mengine nyuma yake. Ujanja huu ulianza kutumika Rubona, kilomita chache kusini mwa mji wa Gisenyi, mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya Rwanda kupata uhuru. Mteja alikuwa jirani: kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa 1957. Kwa miongo kadhaa, methani ya ziwani ikachemsha boila za bia.

Mtambo ule ulikuwa mdogo, na nadhani udogo ndio uliouokoa. Mwenye gesi alikuwa mmoja, mnunuzi mmoja, na umbali kati yao ni wa kutembea kwa miguu.

Mipango mikubwa ilikuwa na kisa kingine. Mbelgiji Hubert Damas alichunguza vilindi vya Kivu tangu 1935, na baadaye ikakadiriwa kuwa mle kuna methani ya mita za ujazo kama bilioni 60. Lakini ziwa lina wenyewe wawili, na gesi iliyoyeyuka majini haijui mpaka. Mwaka 1975 Rwanda na Zaire zikatia saini mkataba kwamba mali hiyo ni ya wote. Hata hivyo, umeme wa kuuzwa haukuonekana kwa zaidi ya miaka 30. Si vigumu kuona kwa nini: mwenye fedha anamtaka kwanza mnunuzi wa umeme, mnunuzi anautaka kwanza mtambo, na mtambo unazitaka kwanza fedha.

Watunga programu wanaijua hali hiyo vizuri, nao huiita mkwamo. Chukua nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazokimbia pamoja ndani ya programu moja. Ya kwanza imelishika faili la akaunti, inangoja printa. Ya pili imeikamata printa, inangoja faili. Hakuna iliyoharibika wala kosa linaloandikwa kwenye skrini. Zitangojana hadi mtu azime mashine. Mwaka 1968 J. W. Havender wa IBM alieleza dawa yake: kila kitu kinachogombewa kipewe namba, na kila uzi uvichukue kwa kufuata namba hizo kuanzia ndogo kwenda kubwa. Hapo mduara wa kungojana hauwezi kujifunga. Miaka mitatu baadaye Coffman na wenzake wakaorodhesha masharti manne ambayo lazima yatimie yote ndipo mkwamo utokee. Livunje moja tu, umepona.

Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa Kivu, huko Rubona hawamhitaji Havender. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikawashwa, wavu mmoja ukashushwa katikati. Upande mmoja ukivuta kabla ya wenzake, samaki wamekwenda. Ndiyo maana wanaimba: wimbo huwapa wote zamu moja ya kuvuta.

Kwenye gesi, zamu zilichelewa. Mduara ulikatwa pale serikali ya Rwanda ilipojenga yenyewe mtambo mdogo wa majaribio, KP1, ulioanza kuzalisha umeme mwishoni mwa 2008. Mwaka uliofuata wataalamu wakatoa kanuni za uchimbaji: matabaka ya maji yasivurugwe, na maji yaliyokwisha kutolewa gesi yarudishwe kwenye kina kinachofaa. Hofu ya ziwa kulipuka haikuwa ya kubuni. Mwaka 1986 Ziwa Nyos nchini Kameruni lilitapika hewa ya ukaa likaua watu wapatao 1,700, na kandokando ya Kivu wanaishi watu zaidi ya mara elfu moja ya hao. Mfano wa kompyuta unaishia hapa: programu iliyokwama huzimwa na kuwashwa upya, ziwa, hapana.

Mwaka 2016 ukazinduliwa mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 huko Karongi. Ukafuata mradi wa Shema Power wa megawati 56, katika wilaya ya Rubavu, ileile yenye Rubona. Na mwaka 2022 Kongo, Zaire ya zamani, nayo ikatangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi upande wake, katika maji yaleyale.