Menyu Iliyopunguzwa kwa Kuwatazama Wateja

Mwaka 2005, kuweka huduma ya fedha kwenye simu ya Mkenya wa kawaida ilikuwa kazi ya nafasi finyu: kioo kidogo, vitufe vya namba, na mteja ambaye pengine hajawahi kushika kadi ya benki. Picha na madoido havikuwa na pa kukaa. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, wakishirikiana na Safaricom, waliweka menyu ndani ya laini yenyewe. Mteja akishabadili laini, huduma iko mkononi, hata simu iwe ya bei ya chini kiasi gani.

Majaribio yalianza Oktoba mwaka huo, Nairobi na Thika, na wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Lengo lilikuwa kurejesha mikopo kwa simu, lakini wateja walikuwa na yao. Wafanyabiashara waliweka mauzo ya jioni kwa wakala wa huduma, benki zikiwa zimeshafungwa, wakayachukua asubuhi. Wasafiri walimkabidhi wakala fedha kabla ya kuondoka na kuzitoa walikofika, mfukoni bila kitu njiani. Wengine walitumiana tu. Kilichosumbua ni hiyo mikopo yenyewe, kwani hesabu za vikundi vya wakopaji hazikuoana na mfumo.

Basi waundaji wakapunguza menyu. Huduma hiyo, M-Pesa, ilipozinduliwa Machi 2007, shughuli kuu zilikuwa kuweka, kutuma na kutoa, pamoja na kununua muda wa maongezi. Kutuma ni namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri, kubali. Kisha SMS inaingia pande zote mbili, na huenda huo ndio ubunifu mkubwa kuliko menyu: jina, kiasi, saa na salio, risiti isiyopotea mfukoni.

Ila jina lilionekana pesa zikiwa zimeshaondoka. Ukikosea tarakimu moja, umemtajirisha usiyemjua, na kazi ya kumbembeleza kwa simu inaanza. Baadaye Safaricom ilileta Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumwachia sekunde chache za kusitisha.

Tanzania, Vodacom ilipoanzisha M-Pesa yake mwaka 2008, ilipita njia nyingine. Hapakuwa na haja ya kubadili laini. Mteja hupiga *150*00#, orodha yenye namba ikaja kutoka mtandaoni. Akichelewa kujibu inakatika, anaanza upya. Ndiyo maana wazoefu hawasomi tena orodha, vidole vinajua namba zote kwa mpangilio.