Baridi ya Butembo: somo la Bujongolo, 1906

BUTEMBO – Tangu mwezi wa kumi 2014, familia nyingi zimekimbia mauaji ya ADF katika eneo la Beni. Kuna shida moja wanayoijua vizuri lakini haisemwi sana: baridi ya usiku. Kila unapopanda mita 1,000, joto linapungua kwa digrii kama 6. Aliyetoka bonde la Semliki akafika Butembo, kwenye mita zaidi ya 1,700, anakuta hewa nyingine kabisa. Akiendelea mpaka milima ya Lubero, blanketi moja haitoshi.

Wazee wetu walizoea baridi hiyo zamani. Tuangalie Ruwenzori: iko karibu na ikweta, lakini juu yake kuna barafu. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mtoto wa jamaa ya kifalme ya Italia, aliupanda mlima huo kwa upande wa Uganda. Wabebaji wa kutoka Buganda hawakuzoea baridi ile, na kazi ya juu ikabaki kwa Bakonzo, ndugu za Bayira. Kambi yao ilikuwa Bujongolo, karibu mita 3,800, chini ya mwamba mkubwa. Tarehe 18 mwezi wa sita walifikia kilele cha Margherita, mita 5,109.

Mwamba ule ulizuia mvua. Hilo ndilo la kwanza, kwa sababu mtu aliyelowa anapoteza joto haraka kuliko aliye mkavu.

La pili ni moto. Katika nyumba za zamani za udongo na nyasi, moto uliwaka ndani na moshi ukapita kwenye paa. Bashi ya plastiki haipitishi hewa namna hiyo. Ukiingiza mbabula wa makala ndani na kufunga mlango, hewa ya sumu inajaa. Haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Desturi iliyowalinda wazee inaweza kutuua leo, kwa sababu paa limebadilika.

Kwa hiyo pikeni na kuota moto nje, mbabula ubaki nje. Chimbeni mfereji kuzunguka bashi. Tandikeni nyasi kavu au majani makavu ya migomba chini ya mkeka, kwa maana udongo unavuta joto la mwili. Watoto walale pamoja, wakiwa na nguo kavu.

Na ninyi mnaopokea wageni: gunia kuukuu au mzigo wa nyasi kavu ni msaada mkubwa usiku huu.