Hesi, Bolti na Nambari ya Spana: Historia ya Istilahi za Vifungio vya Chuma katika Katwe, Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna majina ya vifungio vya chuma yalivyoingia katika Kiswahili cha magharibi mwa Uganda, tangu misafara ya pwani hadi soko la mpakani la leo. Hoja inayojengwa ni kwamba ugumu wa istilahi katika eneo hilo hautokani na jina la bolti wala la nati. Unatokana na kukosekana kwa jina moja la hesi, na pia na nambari ambayo fundi huitumia badala ya jina, nambari ambayo maana yake imebadilika mara kadhaa bila kamusi kuliona badiliko hilo.

Utangulizi

Katwe na chuma vikitajwa pamoja, msomaji wa Uganda hufikiri kwanza Katwe ya Kampala, mtaa uliopata sifa kwa karakana zake. Katwe inayozungumziwa hapa ni mji wa chumvi ulio kando ya ziwa la kreta katika wilaya ya Kasese. Mji huu haujulikani kwa ufuaji wa chuma. Thamani yake kwa mtafiti wa istilahi ni kwamba ndani ya wilaya hiyo moja zilikutana njia ya reli iliyotokana na uhandisi wa Kiingereza, mgodi wa shaba ulioendeshwa kwa mtaji wa Kikanada, kiwanda cha chumvi kilichojengwa na Wajerumani, na mpaka wa Bwera ambako Kiswahili chenye maneno ya Kiingereza hukutana na Kiswahili chenye maneno ya Kifaransa. Kila mgeni alikuja na bolti zake, na kila bolti ilikuja na kipimo chake.

Chumvi, majembe na msumari

Kabla ya ukoloni, chumvi ya Katwe ilisafirishwa mbali na kubadilishwa kwa bidhaa nyingi, majembe ya chuma yakiwa miongoni mwake. Wafua chuma wa maeneo jirani, wakiwamo wa Buhweju, walikuwa na msamiati kamili wa kazi yao. Mhunzi wa Kiswahili huitwa omuheesi katika lugha za Runyakitara na omuweesi katika Kiluganda. Nyundo ya Kiswahili ni enyondo upande mmoja na ennyondo upande wa pili. Katika eneo la kufua, basi, Kiswahili hakikuja kama mwalimu. Kilikuta ndugu zake wakiwa kazini tayari.

Kilichokosekana ni kifungio kinachosimama peke yake. Jembe la msuka halihitaji msumari: msuka wenyewe hupenya kwenye mpini na kushika. Pwani nako mtepe ulishonwa kwa kamba, na msumari ulikuwa wa vyombo vya aina nyingine. Neno msumari limetokana na Kiarabu, na safari yake kuelekea bara inaonekana wazi katika omusumaali ya Kiluganda. Neno hilo lilifuata njia za biashara na misafara, njia zile zile zilizokuja kuwafikisha Waswahili katika bonde la maziwa.

Mfano mmoja wa misafara hiyo unastahili kutazamwa kwa karibu. Msafara wa H. M. Stanley wa kumtafuta Emin Pasha, uliopita Katwe mwaka 1889, ulikuwa umesafiri na mashua ya chuma iliyogawanywa katika vipande 12 ili wapagazi waibebe. Mwaka 1888 mashua hiyo ilifikishwa Ziwa Albert. Wengi wa wapagazi walitoka Zanzibar. Kazi ya kufungua vipande, kuvibeba na kuviunga tena ilikuwa ya mikono ya watu waliozungumza Kiswahili. Historia za msafara huo husimulia njaa, misitu na vita, na aghalabu hupita haraka juu ya ukweli kwamba mashua haikufika ziwani mpaka kila kiungo chake kilipokazwa sawasawa.

Kiswahili cha pwani cha zama hizo hakikuwa na uhaba wa maneno ya kazi kama hiyo. Kilikuwa na parafujo, urithi wa Kireno, na kilikuwa na msumari wa hesi. Istilahi hii ya pili ndiyo iliyo nzuri zaidi, kwa kuwa inaeleza kitu kwa umbo lake: ni msumari, lakini una mfereji unaozunguka mwili wake kama ngazi ya mnara, na mfereji huo ndio hesi. Hata hivyo hesi haikuenea bara kama msumari ulivyoenea. Msumari uliuzwa kwa watu wote, ilhali hesi ilibaki neno la wachache waliofanya kazi na vyombo vya chuma.

Reli, mgodi na maana ya nusu

Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huo huo mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba, ambayo ilipelekwa kwa reli kuyeyushwa Jinja. Reli ilikuja na lugha ya kazi iliyokuwa imekwisha kukomaa katika Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki: bolti, nati, spana, washa, na pamoja nayo karakana, neno la asili ya Kiajemi lililopitia Bara Hindi. Utafiti wa Peter Ladefoged na wenzake, uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulikadiria kwamba takriban asilimia 35 ya Waganda waliweza kuzungumza Kiswahili, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Karakana, kambi na kituo cha reli vilikuwa sehemu ya sababu za tofauti hiyo.

Jambo ambalo wanaisimu hawajalipa uzito ni kwamba majina haya mapya yalificha mifumo miwili ya hesi. Uhandisi wa Kiingereza ulirithi kipimo cha Joseph Whitworth cha mwaka 1841, ambacho pembe yake ni digrii 55. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana juu ya hesi ya pamoja yenye pembe ya digrii 60, na mitambo ya Amerika ya Kaskazini ilifuata njia hiyo. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa kila inchi. Ya mfumo wa pamoja ina meno 13. Nati ya moja huanza kuingia kwenye bolti ya nyingine kwa utii kabisa, ikazunguka mizunguko michache, kisha ikakwama. Akiilazimisha, fundi huiua.

Zaidi ya hapo, neno nusu lenyewe lilikuwa na maana mbili. Spana ya Whitworth iliandikwa unene wa mwili wa bolti: spana ya nusu ilifungua bolti ambayo mwili wake ni nusu inchi. Spana ya Kimarekani iliandikwa upana wa kichwa: spana ya nusu ilifungua kichwa cha nusu inchi, ambacho kwa kawaida kina mwili wa inchi tano kwa kumi na sita. Watu wawili wangeweza kusema spana ya nusu kwa Kiswahili fasaha, bila kosa hata moja la sarufi, na kumaanisha vyuma viwili visivyofanana. Kosa hilo halionekani katika kamusi yoyote, kwa sababu kamusi hueleza spana ni nini na haielezi nambari iliyo juu yake inapima nini.

Kiwanda cha chumvi

Mfumo wa tatu, wa milimita, ulipata nguvu Katwe yenyewe. Katika miaka ya 1970 serikali ya Uganda iliagiza kiwanda cha kisasa cha chumvi kutoka Ujerumani Magharibi. Kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Maji ya ziwa, yenye chumvi nyingi, yaliyala mabomba, na mitambo ikaachwa. Wachimbaji wakaendelea na mashimo yao na mitaimbo ya kubandulia mwamba wa chumvi.

Kwa istilahi, kisa hiki kina funzo la aina yake. Kiswahili cha kila siku husema chuma kimeshika kutu au kimeliwa. Kutu ni tokeo linaloonekana, la chuma na hewa yenye unyevu. Kuliwa ni mchakato mpana zaidi, unaohusu pia metali zisizotoa kutu nyekundu. Wanaistilahi wameunda ulikaji kutokana na kitenzi hicho hicho, na hapa hawastahili lawama, kwa kuwa neno hilo lina mizizi katika kauli ambayo watu wanayo tayari. Hali si njema hivyo katika jina la chuma kinachostahimili chumvi. Kamusi hutoa pua na feleji kwa chuma kigumu, na chuma cha pua hutumiwa na wengine kwa chuma kisichoshika kutu. Anayeandika orodha ya vipuri vya mtambo wa chumvi hawezi kuyachanganya haya mawili. Bolti ya pua ya kawaida na bolti isiyoshika kutu hufanana machoni siku ya kununuliwa, na hutofautiana baada ya miezi michache ndani ya maji ya Katwe.

Bwera: jina hubadilika, nambari hubaki

Bwera iko karibu na Mpondwe, mkabala na Kasindi ya Kongo. Upande wa Uganda bolti na nati ndiyo maneno ya kawaida. Upande wa Kongo Kifaransa kimekipa Kiswahili bulo kwa bolti, ekru kwa nati, visi kwa parafujo na kle kwa spana. Kle ina mtego wake, kwani katika Kifaransa neno hilo ni la spana na pia la ufunguo.

Pamoja na tofauti hizo, biashara ya vipuri haijasimama. Mnunuzi na muuzaji hukutana kwenye nambari. Kotekote Afrika Mashariki fundi huita bolti kwa spana inayoifungua: bolti ya 10, bolti ya 13, bolti ya 17. Anayesema spana namba 13 na anayesema kle ya trezi huelewana mara moja. Wataalamu wa sera wanaotafuta lugha ya pamoja ya biashara mpakani wangefaa kuanzia hapo.

Lakini nambari hiyo ni upana wa kichwa, na kichwa si mwili. Kwa vipimo vya Kijerumani vya zamani, bolti ya 17 ina mwili wa milimita 10. Katika magari ya Kijapani, ambayo ndiyo mengi barabarani, bolti ya 17 kwa kawaida ina mwili wa milimita 12. Hata miili ikilingana, hatua ya hesi yaweza kutofautiana: milimita 10 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.5, ilhali ile ya magari ya Kijapani mara nyingi ina 1.25. Mwenye lori anayenunua bolti ya 17 kwa jina tu amenunua kichwa. Mwili na hesi ameviacha kwa bahati. Fundi mzoefu hulijua hili, ndiyo maana huenda dukani na bolti ya zamani mkononi. Anayeagiza kwa simu au kwa maandishi hana mkono wa kuonyesha.

Suala la sera

Katiba ya Uganda ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005 na kukitambua Kiswahili kama lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, na mwaka huo huo Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mafunzo ya ufundi kwa Kiswahili yatahitaji istilahi, na kishawishi kitakuwa kuchukua orodha zilizotungwa Dar es Salaam, ikiwamo kamusi ya ufundi ya Rajmund Ohly ya mwaka 1987, na kuzipeleka Kasese kama zilivyo. Orodha hizo ni hazina, na hakuna sababu ya kuanza upya. Hata hivyo haielekei kwamba parafujo itaing'oa skrubu, wala hakuna faida yoyote katika vita hivyo. Bolti, nati na spana zimekwisha kujithibitisha. Bulo na ekru ziingizwe kama visawe vyenye alama ya eneo, ili mwanafunzi wa Bwera asiambiwe kwamba jirani yake wa Kasindi hajui Kiswahili.

Juhudi zielekezwe kwenye hesi. Karakana nyingi husema nyuzi au meno, na maneno hayo yanatosha mpaka mtu ajaribu kuandika. Nyuzi ni uzi wa kushonea, ni waya wa ala ya muziki, na pia ni kipimo cha pembe. Mwalimu atakayetaka kueleza tofauti ya Whitworth na milimita atajikuta anaandika nyuzi zenye nyuzi 55 dhidi ya nyuzi zenye nyuzi 60. Hesi haina mzigo huo. Ni neno la Kiswahili la zamani, fupi, lisilo na kazi nyingine, na linazaa bila taabu: hesi ya nje, hesi ya ndani, hesi ya kushoto, hatua ya hesi, kukata hesi, na kuviringisha hesi, ambayo ndiyo njia ya viwandani ya kuminya mfereji bila kukata chuma.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na vyombo vya viwango vya nchi wanachama vinaweza kukubaliana juu ya jambo moja dogo: kila kidahizo cha bolti katika kitabu cha mafunzo, na kila bolti katika orodha ya vipuri vya serikali, kitajwe kwa unene wa mwili, hatua ya hesi, urefu na aina ya chuma, na nambari ya spana ifuate mwishoni, kwa kuwa ndiyo fundi atakayoitafuta kwanza.