Idhini ya Nani? Mwanahabari, Mwanafunzi na Lango la Shule Nchini Kenya

Kila mkasa unapotokea katika shule ya bweni nchini Kenya, swali lile lile huzuka: je, wanahabari waruhusiwe kuzungumza na wanafunzi? Walimu wakuu wengi hujibu kwamba sheria imeshaamua, na baadhi ya watetezi wa haki za watoto huwaunga mkono: pasipo idhini ya shule, hapana mahojiano. Makala haya yanalipinga dai hilo. Idhini ya shule, kwa jinsi ilivyoandikwa, humlinda mtoto pale ambapo shule haina la kuficha, na humwacha bila mtetezi pale ambapo shule yenyewe ndiyo inayotuhumiwa.

Kuhusu misingi hakuna ugomvi. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inayaweka maslahi ya mtoto mbele ya mengine yote katika kila jambo linalomhusu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unampa mtoto haki ya faragha katika ibara ya 16, na katika ibara ya 12 haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Wanaonukuu ibara ya 16 na kuiruka ya 12 hawautendei haki mkataba.

Ugomvi uko katika Kanuni za Maadili ya Uanahabari zilizowekwa kwenye Jedwali la Pili la Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013. Kifungu cha ulinzi wa watoto kinahitaji kusomwa sentensi kwa sentensi. Kwanza kinakataza kumtambulisha mtoto katika kesi za makosa ya kingono, awe mwathiriwa, shahidi au mshtakiwa. Kisha kinasema kwamba mwanahabari, kwa kawaida, asimhoji wala kumpiga picha mtoto kuhusu mambo ya ustawi wake bila kuwapo, au bila ridhaa, ya mzazi au mtu mzima anayewajibika kwake, isipokuwa kwa maslahi ya umma, kama vile mtoto anapodhulumiwa au kutelekezwa. Baada ya hapo ndipo inapokuja sentensi ya shule: watoto wasiendewe wala kupigwa picha wakiwa shuleni au katika taasisi nyingine rasmi bila ruhusa ya wakuu wa shule. Hapa msamaha wa maslahi ya umma haukurudiwa. Kinachofuata ni agizo la jumla tu kwamba hali za watoto walio katika mazingira magumu zizingatiwe. Kwa hiyo, ukiifuata sheria neno kwa neno, mwanahabari anayechunguza dhuluma anaweza, kwa maslahi ya umma, kumhoji mtoto bila ridhaa ya mzazi, lakini hawezi kumkaribia shuleni bila ruhusa ya mwalimu mkuu. Mzazi amepewa uzito mdogo kuliko taasisi.

Sentensi hiyo inafanana mno na ile ya kanuni za wahariri wa Uingereza, ambako magazeti ya udaku yalikuwa yakiwaandama hata watoto wa familia ya kifalme. Kanuni hizo zilikazwa zaidi baada ya kifo cha Diana mwaka 1997. Hata hivyo, huko kifungu cha watoto kimewekewa alama inayoonyesha kwamba kinaweza kuwekwa kando kwa maslahi ya umma, yakiwa mazito kwelikweli. Kenya ina katazo lile lile, lakini ndani ya sentensi ya shule mlango huo haumo. Tena hatari ya mwanafunzi wa bweni wa Kenya si mpiga picha aliyejificha kichakani. Mwaka 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, Machakos. Mwaka 2024 wengine 21 walikufa Hillside Endarasha, Nyeri. Katika mikasa ya namna hii, maswali ya kwanza huhusu milango, madirisha na idadi ya vitanda, na waliolala humo ndio wanaojua majibu.

Waliotunga sera za elimu wenyewe hawakuwahi kuziamini shule kiasi hicho. Waraka wa Tume ya Huduma kwa Walimu wa 2010 ulimwajibisha mwalimu anayejua au kushuku dhuluma ya kingono kuiripoti, akikaa kimya aadhibiwe. Agizo la namna hiyo halitolewi ila pale ukimya umekwisha kuwa desturi. Inakuwaje basi tuikabidhi taasisi iliyolazimishwa kusema mamlaka ya kuamua ni nani atakayesema?

Itazame pia desturi ya siku ya matokeo ya mitihani. Lango hufunguliwa wazi, mtahiniwa bora hubebwa juujuu, na jina lake kamili, alama zake na uso wake huonekana kwenye runinga jioni hiyo. Sijaona wakuu wa shule wakisita siku hiyo kwa ajili ya faragha ya mtoto. Ruhusa hutolewa habari inapoipamba shule.

Bunge, kwa maoni yangu, limekwisha kuona njia iliyo bora, ila halikuirudisha katika kanuni za wanahabari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa binafsi za mtoto kutumiwa, na inataka matumizi hayo yaendeleze haki na maslahi yake; tena inatoa nafasi mahususi kwa uanahabari wenye maslahi ya umma. Mwalimu mkuu hatajwi popote kama mwenye ridhaa hiyo. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Uamuzi huo una maana pana kuliko faini yenyewe: mbele ya sheria, shule ni mtumiaji wa taarifa za mtoto kama watumiaji wengine, na yaweza kuwa mkosaji.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la kiwewe. Mtoto aliyetoka motoni usiku hafai kuwekewa kinasa sauti mdomoni asubuhi, na mhariri anayerusha machozi yake hastahili kutetewa. Nakubali, na ningependa katazo la kuwahoji manusura mahali pa tukio liwe kali kuliko lilivyo sasa, hata shule ikiruhusu. Lakini kiwewe hakiponi kwa sababu mwalimu mkuu ndiye aliyekataa. Pingamizi hili linadai muda, utulivu na mtu mzima anayeaminiwa na mtoto. Halidai ruhusa ya mtuhumiwa.

Napendekeza idhini itenganishwe. Shule ibaki na mamlaka juu ya kuingia katika uwanja wake na juu ya saa za masomo. Kuzungumza kuhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na ya mtoto mwenyewe, na msamaha wa maslahi ya umma uandikwe waziwazi katika sentensi ya shule, kwa sharti kwamba utambulisho wa mtoto ufichwe. Pale shule inapotuhumiwa, ruhusa ya kuingia itolewe na afisa wa watoto wa kaunti ndogo, na akikataa aandike sababu. Huenda naye akashinikizwa, kwa kuwa ni mtumishi wa serikali na shule nyingi ni za serikali. Lakini uamuzi ulioandikwa unaweza kupingwa mahakamani, na kichwa kinachotikiswa langoni hakiwezi. Mwanafunzi wa miaka 17 anayetaka kueleza kilichomfika huku mzazi wake akihofia nafasi ya shule ya mdogo wake bado hajapata njia katika pendekezo hili. Kwake yeye, nadhani ibara ya 12 ya Mkataba inatosha kuwa msingi wa kumsikiliza hata mzazi akikataa, mradi jina na sura yake visijulikane.